Uzi: Kurefusha treni ya vitongoji hadi uwanja wa ndege. Ratiba kwanza, ramani baadaye

#1 Mataruma

Wakuu, heshima kwenu.

Miradi ya kurefusha treni ya vitongoji hadi uwanja wa ndege hutangazwa kwa ramani: mstari mwekundu, nukta nne, alama ya ndege mwishoni. Ramani haisemi treni ngapi zitafika kwa saa, zitageuzwa wapi, wala kitongoji gani kitanyang'anywa treni yake ili nyingine iende uwanjani. Uzi huu ni wa kuchambua hayo kwa namba. Mwenye namba bora azilete.

Naanza na idadi ya seti, yaani treni kamili zenye mabehewa yake. Chukua njia ambayo safari ya upande mmoja ni dakika 38, na kila mwisho treni inakaa dakika 7 kabla ya kugeuza. Mzunguko mzima ni 38 + 38 + 7 + 7, yaani dakika 90. Ukitaka treni kila dakika 15, gawanya 90 kwa 15: seti 6 barabarani, na ya 7 ya akiba. Sasa refusha njia kwa dakika 9. Mzunguko unakuwa 108. Gawanya kwa 15 upate 7.2. Hakuna seti ya 0.2, kwa hiyo zinatakiwa 8. Mzunguko umeongezeka kwa asilimia 20, seti zimeongezeka kwa theluthi nzima.

Hapo ndipo mwenye kalamu anapopunguza muda wa kugeuza kutoka dakika 7 hadi 5 na nusu kila mwisho. Mzunguko unatua 105, seti 7 zinatosha, bajeti imepona. Kumbe zile dakika 7 ndizo zilizokuwa zinameza ucheleweshaji. Treni ikifika imechelewa dakika 4, zamani iliondoka kwa wakati. Sasa inaondoka imechelewa, inafika upande wa pili imechelewa zaidi, na hadi saa 3 asubuhi njia nzima imevurugika.

Jambo la pili ni stesheni za katikati. Treni ya mwendo wa km 120 kwa saa, yenye kuongeza na kupunguza mwendo kwa mita 1 kwa sekunde kila sekunde, inapoteza sekunde 33 hata kabla milango haijafunguka. Ongeza sekunde 35 hadi 45 za kusimama, kila stesheni inagharimu sekunde 70 hadi 80. Diwani akiomba stesheni mbili za ziada, amekula dakika 2 na nusu za upande mmoja, 5 za mzunguko. Rudi kwenye hesabu ya seti uone kama bado unatosha.

#2 Ishara_Nyekundu

Mkuu Mataruma umeanza vizuri, ila seti zinanunulika hata baada ya miaka 10. Makutano yakishajengwa vibaya, ndiyo basi.

Tawi linapoachana na njia kuu, treni za upande mmoja lazima zikate njia ya upande wa pili. Zikikata kwenye usawa mmoja wa ardhi, upande wa pili unafungwa tangu swichi (reli zinazosogea kuihamisha treni njia) zinapopangwa hadi mkia wa treni utoke, takribani dakika 2. Treni 6 za tawi kwa saa zinakula dakika 12 za njia kuu. Na si dakika 12 zilizokaa pamoja, ni vipande sita vinavyoangukia palepale treni nyingine zinapotaka kupita. Njia kuu yenye treni kila dakika 5 inaweza kuvumilia kwa ratiba iliyoshonwa vizuri; moja ikichelewa, mshono unafumuka.

Dawa ni kuirusha njia moja juu ya nyingine. Reli inapanda mita 7 hadi 8. Kwa mwinuko wa asilimia 3, hiyo ni mita 250 za kupanda na 250 za kushuka, ukiongeza mapindo ya juu na chini unafika mita 600 hadi 700. Kama daraja halijengwi leo, ardhi yake itengwe leo. Jengo la ghorofa likishaota pale, hesabu mmekosa.

Kuna kosa dogo la swichi ambalo hurudiwa kila mahali. Swichi ya nusu kipenyo cha mita 190, uwiano 1:9, inaruhusu km 40 kwa saa upande wa kupinda. Ya mita 500, 1:12, inaruhusu 60. Ya mita 1,200, 1:18.5, inaruhusu 100. Treni ya mita 200 kwa km 40 inahitaji sekunde 18 urefu wake upite tu. Kwa km 100 inahitaji 7. Na hiyo ya kwanza ilishaanza kufunga breki mbali, ikiwa bado kwenye njia kuu, na ya nyuma yake ikafunga vilevile. Watu huokoa pesa ya swichi mbili halafu hulipia kila siku kwa miaka 40.

#3 Binti_Ratiba

Naongezea nyama kwenye suala la tawi. Canada Line, njia ya treni ya Vancouver iliyofunguliwa Agosti 2009, ni darasa tosha. Shina moja kutoka katikati ya jiji linagawanyika Bridgeport: treni nusu zinaenda uwanja wa ndege, nusu Richmond. Ukiwa shinani treni zinafuatana. Ukivuka Bridgeport, gawanya kwa mbili. Vipande vya mwisho kabisa vya matawi yote mawili ni njia moja. Majukwaa nayo yana mita 40 hadi 50, ya treni za mabehewa 2. Huwezi kuongeza behewa la tatu bila kugusa majukwaa, na huwezi kuongeza treni tawini bila kukutana na njia moja. Abiria walikuja kwa wingi, nafasi ya kukua ikawa finyu.

San Francisco nako BART, treni za eneo hilo, ilifika uwanja wa ndege wa SFO mwaka 2003 kwa pembetatu: upande mmoja uwanja wa ndege, upande mwingine Millbrae, ambako kuna treni za vitongoji za Caltrain. Treni ikiingia uwanjani kisha iende Millbrae, lazima igeuze kichwa. Ikienda Millbrae moja kwa moja, uwanja unarukwa. Tangu hapo mpangilio wa treni umebadilishwa mara nyingi, kwa sababu kila mpangilio unamuumiza mtu fulani. Pembetatu kwenye ramani inapendeza kweli.

Linganisha na Zürich. Tangu 1980 stesheni iko chini ya uwanja, na njia haiishii hapo, inaendelea hadi Winterthur na mbele zaidi. Treni haziendi uwanjani, zinapita uwanjani. Hakuna kugawanya treni kwa mbili wala kugeuza, na mtu wa upande wa pili wa uwanja naye ana treni. Handaki chini ya uwanja ni ghali, sikatai, lakini linganisheni bei yake na bei ya tawi pamoja na seti za ziada na daraja la makutano, si na bei ya tawi peke yake.

#4 Lami_Tupu

Sasa mbona mnazunguka? Wekeni treni maalumu isiyosimama popote, nauli ya juu, wageni walipe. Wafanyabiashara wanaotua hawahesabu senti. Treni za vitongoji ziachwe zilivyo.

#5 Mwachano

Mkuu Lami_Tupu, tuhesabu abiria kwanza, ndipo tuseme nani alipe.

Uwanja wa abiria milioni 20 kwa mwaka ni watu 55,000 kwa siku. Kama asilimia 30 wanabadilisha ndege bila kutoka nje, wanabaki 38,000. Treni ikipata asilimia 20 ya hao, ambayo si haba, ni 7,700 kwa siku. Sambaza kwa saa 18: wastani wa 430 kwa saa, pande zote mbili. Upande mmoja 215. Saa ya msongamano zidisha kwa mbili, 430. Treni moja ya mabehewa 8 inabeba zaidi ya hao wote kwa safari moja. Sasa treni 4 kwa saa zinaenda na nini? Zinaenda na viti vitupu, labda zisimame njiani kuchukua watu wa vitongoji.

Toronto waliipima hoja yako. UP Express, treni yao ya uwanja wa ndege, ilifunguliwa Juni 2015, kila dakika 15, dakika 25 hadi stesheni kuu ya Union, nauli ya dola 27.50 kwa asiye na kadi. Treni zikawa tupu. Machi 2016 nauli ikashushwa hadi dola 12, na chini ya hapo kwa wenye kadi, abiria wakaongezeka sana ndani ya majuma machache, wengi wao wakiwa watu wa stesheni za njiani za Bloor na Weston waendao kazini. Lakini kwa kuwa treni zilibuniwa kama kitu cha pekee, majukwaa yake ni ya juu wakati ya treni za vitongoji za GO kwenye njia ileile ni ya chini. Huwezi kuazima treni ya huku ikasimama kule. Kosa la nauli lilisahihishwa kwa tangazo; kosa la kimo cha jukwaa bado lipo pale kwenye zege.

London nako, Heathrow Express imekuwapo tangu 1998, dakika 15 kutoka uwanja wa Heathrow hadi stesheni ya Paddington. Swali ni nani anaishi Paddington. Elizabeth line, tangu 2022, inaenda polepole zaidi lakini inapenya hadi katikati ya jiji na mashariki yake bila kushuka. Dakika za ndani ya treni zinatangazwa sana. Dakika za kuburuta sanduku kwenye ngazi za kubadilishia hazitangazwi, na ndizo mtu anazozikumbuka.

Sydney ni kisa kizuri zaidi, maana kinagusa vitongoji. Stesheni nne za njia ya uwanja wa ndege zilifunguliwa mwaka 2000 kwa mkataba na kampuni binafsi, kila abiria akilipa tozo ya stesheni juu ya nauli. Tozo hiyo haikuwa ya stesheni mbili za uwanjani tu, iliwapata hata wakazi wa Green Square na Mascot, eneo lililokuwa likipangwa kujengwa upya kwa ghorofa nyingi. Yaani unajenga mji kando ya treni halafu unamtoza mkazi akiipanda. Machi 2011 serikali ikaiondoa tozo kwenye stesheni hizo mbili, abiria wakapanda kwa kasi. Za uwanjani tozo ilibaki.

#6 Zamu_ya_Alfajiri

Mwachano amewasahau wanaotumia uwanja kila siku: wafanyakazi.

Kanuni ya kukadiria ni ajira karibu 1,000 ndani ya uwanja kwa kila abiria milioni moja wa mwaka. Uwanja wa milioni 20 una wafanyakazi 20,000. Siku moja hawaji wote, tuseme asilimia 60: 12,000, safari 24,000 kwenda na kurudi. Treni ikipata robo tu, ni safari 6,000, zinakaribia zile 7,700 za wasafiri, na hizi zinajirudia mwaka mzima bila kujali msimu.

Tatizo ni saa. Zamu ya kwanza ya ukaguzi, mizigo na jikoni za ndege huanza saa 10 au 11 alfajiri. Treni ya kwanza ikitoka mjini saa 11 na nusu, wote hao wameshakuja kwa gari, na aliyekuja kwa gari anarudi kwa gari. Kwa hiyo ukosefu wa treni mbili za alfajiri unakupotezea abiria wa saa 8 mchana pia. Matengenezo ya njia yanataka angalau saa 4 za usiku bila treni. Ndiyo maana swichi za kuvukia kutoka njia moja kwenda nyingine ziwekwe kila km 5 hadi 8, ili upande mmoja ufungwe mafundi wafanye kazi na upande wa pili upitishe treni moja kila nusu saa.

La pili, wafanyakazi hawako kwenye jengo la abiria. Maghala ya mizigo, karakana na jikoni mara nyingi ziko km 2 hadi 4 upande wa pili wa njia ya kurukia. Basi dogo la kuzunguka, la bure, lililofungwa kwenye ratiba ya treni, ni bei ndogo kuliko stesheni ya pili. Vancouver wao safari za treni kati ya stesheni za kisiwa cha uwanja ni bure, na nyongeza ya nauli inamhusu anayetoka kisiwani kwenda mjini kwa tiketi iliyonunuliwa kule. Mfanyakazi mwenye pasi yake ya mwezi haguswi. Hiyo ni tozo iliyofikiriwa.

#7 Lami_Tupu

Nimekupata kwenye nauli, Mwachano. Lakini msinidanganye kwamba treni ya kawaida inafaa mtu mwenye masanduku mawili. Milango inajaa, watu wanasukumana.

#8 Mwachano

Hoja halali. Sanduku kubwa linakula nafasi ya mtu aliyesimama. Dawa ni hizi: rafu ya mizigo karibu na mlango ambako mwenyewe analiona sanduku lake, maana akiliona hatalikumbatia, milango yenye upana wa mita 1.3 au zaidi. Baadhi ya viti vya kukunja. Gautrain ya Afrika Kusini, iliyoanza Juni 2010 kati ya Sandton na OR Tambo, ina mabehewa ya uwanjani yenye nafasi za mizigo ndani ya treni zilezile za njia. Unapata ya msafiri na ya mkazi bila kuwa na treni mbili tofauti.

Pabaya zaidi ni stesheni yenyewe. Lifti ya kilo 1,600 kibandiko chake kinasema watu 21. Wenye masanduku wanaingia 8. Kwenda na kurudi ni sekunde 60 hadi 75. Treni ikishusha watu 150 wenye mizigo, lifti moja inahitaji safari 19, kama dakika 20. Treni inayofuata imeshafika. Kwa hiyo lifti si chini ya mbili kila jukwaa, moja ikiharibika isiwe msiba. Mageti ya tiketi yawe mapana, mm 900 au zaidi, si moja pembeni bali nusu ya safu. Na kama inawezekana, jukwaa na ukumbi wa kuwasili viwe kimo kimoja. Mita 250 za sakafu tambarare zinashinda mita 80 zenye ngazi.

#9 Kipimio

Kuna jambo halijaguswa: anga. Watu wanapanga stesheni, ghorofa 30 juu yake, na kreni za kuijenga, ndani ya eneo ambalo sheria za usafiri wa anga zimelichora tayari.

Kwa njia kubwa ya kurukia yenye mitambo ya kutua kwa usahihi, uso wa kutua, yaani mteremko wa kufikirika ambao kitu chochote hakiruhusiwi kuupita, unaanza mita 60 nje ya ncha ya njia na kupanda kwa asilimia 2. Maana yake km 1 kutoka mwanzo wa uso huo, kimo cha mwisho ni mita 20. Ubavuni, uso wa mpito unapanda kwa 1:7. Nguzo za waya wa umeme wa treni nazo ni vizuizi, na nguzo ya mita 8 juu ya tuta la mita 6 ni mita 14. Ndiyo maana njia nyingi za reli huzama kwenye mtaro au handaki zikikaribia uwanja hata kama udongo haulazimishi.

Kreni ndiyo inayosahaulika. Jengo linaweza kuwa chini ya kikomo, kreni iliyolijenga ikapita juu kwa mita 25. Kibali chake ni tofauti na kina muda wake. Tena mitambo ya redio ya kuongozea ndege haipendi chuma kikubwa wala cheche karibu yake, hivyo vipimo vifanyike kabla ya nguzo ya kwanza kusimama, na virudiwe umeme ukishawashwa.

Ongeza kelele. Nyumba za kulala ndani ya ukanda wa kelele kubwa aidha zinakatazwa au zinahitaji madirisha mazito na hewa ya mashine. Kwa hiyo ile ndoto ya mji mpya kwenye stesheni ya mwisho, mlangoni mwa uwanja, mara nyingi inabaki kuwa hoteli, ofisi na maghala. Makazi yajengeni stesheni mbili au tatu kabla.

#10 mchora_mitaa

Kipimio amenifungulia mlango. Stesheni za katikati ndizo zinazolipa.

Duara la mita 800, mwendo wa dakika 10 kwa miguu, lina hekta 201. Hilo ni duara la kwenye karatasi. Pima kwa njia halisi za miguu: ukuta wa reli, barabara kuu, mto, kiwanja cha gofu, na mitaa isiyo na kutokea. Mara nyingi unabaki na asilimia 40 hadi 60. Daraja moja la miguu juu ya reli, au lango la pili upande wa nyuma wa jukwaa, linaweza kukurudishia hekta 30 au 40. Sijaona uwekezaji wa bei ndogo unaoufikia huo, na huwa ndio wa kwanza kukatwa bajeti ikibana.

Arlington, Virginia, ni mfano wa zamani na bado haujapitwa. Mwanzoni njia ya treni ilikuwa ipite katikati ya barabara kuu ya I-66, palipokuwa rahisi. Kaunti ikapigania ipite chini ya ukanda wa maduka uliokuwa unakufa, kati ya Rosslyn na Ballston: stesheni tano katika takribani km 5. Majengo marefu yakaruhusiwa karibu na milango ya stesheni, kimo kikishuka kadiri unavyosogea kwenye nyumba za kawaida, ambazo hazikuguswa. Njia ikiwa katikati ya barabara kuu, nusu ya duara lako ni lami na moshi.

Copenhagen wanatumia kanuni ninayoipenda kwa ukavu wake: ofisi kubwa, za zaidi ya mita za mraba 1,500, zikae ndani ya mita 600 za stesheni. Basi. Haihitaji kuomba mtu ahamie treni. Inaiweka kazi yake mlangoni.

#11 Kokoto

mchora_mitaa, maegesho je? Stesheni ya pembezoni bila maegesho nani ataifikia?

#12 mchora_mitaa

Gari moja pamoja na njia zake linakula mita za mraba 25 hadi 30. Magari 500 ni hekta 1.25 hadi 1.5. Kila gari lina mtu 1.1 au 1.2, kwa hiyo umepata abiria 550 hadi 600. Hekta 1.5 hizohizo kwa nyumba 150 kwa hekta ni nyumba 225, watu kama 560, na si wote wanaopanda treni kila asubuhi.

Kwa abiria wa saa ya msongamano, maegesho yanashinda. Nasema hivyo makusudi, maana wenzangu wapanga miji huificha hesabu hii. Ila maegesho yakijaa saa 1 na nusu asubuhi, stesheni imefungwa kwa wenye magari hadi kesho. Nyumba, duka na ofisi zinaleta watu saa 5 mchana, saa 2 usiku, Jumapili, na upande wa kinyume ambako treni zinarudi tupu. Seti na dereva ulishavilipia, abiria wa upande wa kinyume hana gharama mpya.

Njia ya kati: maegesho yawekwe stesheni ya mwisho au penye barabara kuu, yawe ya lami tu, bila jengo, kwa mkataba unaosema wazi kwamba ni ya muda. Msije mkaahidi kurudisha kila nafasi ya gari inayopotea. BART walikuwa na sera ya namna hiyo kwa miaka mingi: ukijenga juu ya maegesho, rudisha nafasi zote. Ghorofa la magari likala faida ya nyumba, miradi mingi ikakwama hadi sera ilipolegezwa.

#13 Hati_na_Mipaka

Kwenye pesa ya ardhi, mfano wa kila mtu ni Hong Kong: serikali inaipa MTR, kampuni ya reli ya huko, haki ya kujenga juu na kando ya stesheni kwa bei ya ardhi kama ilivyo bila reli, MTR inashirikiana na wajenzi kwa zabuni, na ile tofauti ya thamani baada ya reli inalipia reli. Inawezekana kwa sababu karibu ardhi yote pale ni ya serikali. Penye hati za watu binafsi 400 usinakili, utaumia.

Penye hati nyingi, tazama Japani. Pembezoni mwa Tokyo, mji wa Tama Den'en Toshi wa kampuni ya Tokyu ulijengwa kwa kupanga upya viwanja: wenye mashamba wanaunganisha vipande, kila mmoja anachangia sehemu ya ardhi yake, mchango huo unakuwa barabara, bustani na viwanja vya kuuza kulipia kazi. Mwenye shamba anarudishiwa kipande kidogo chenye thamani kubwa. Hakuna fidia ya kumfukuza mtu. Ugumu wake ni miaka ya vikao na daftari safi la mipaka. Mipaka ikiwa na utata, anza kuisafisha hata kabla ya michoro ya reli.

Njia ya tatu ni kukopa dhidi ya kodi za majengo yajayo. London waliirefusha Northern line hadi Battersea Power Station, stesheni mbili, ikafunguliwa Septemba 2021, kwa mkopo unaolipwa na michango ya wajenzi na ongezeko la kodi za biashara eneo hilo. New York ilifanya kitu cha jamii hiyo kwa treni ya 7 hadi Hudson Yards, 2015. Hatari ni kalenda. Riba inaanza siku ya mkopo, majengo yanakuja soko likitaka. Ørestad, mtaa mpya wa Copenhagen, sheria yake 1992, metro ikafunguliwa 2002, ilitegemea mauzo ya ardhi yaliyokwenda polepole kuliko makadirio. Weka hesabu ya mauzo kuchelewa miaka 5 na riba kupanda pointi 2. Ikianguka hapo, ilikuwa imeanguka tangu mwanzo.

#14 Kokoto

Kwa wanaotaka kujenga juu ya njia: nguzo za jengo na nafasi ya njia vipangwe pamoja. Viwango vya Ulaya vinataka nguzo iliyo mita 3 hadi 5 kutoka katikati ya njia ihimili kishindo cha treni iliyoacha reli: kilonyutoni 4,000 sambamba na njia na 1,500 kwa kuikata, mita 1.8 juu ya reli, pale mwendo usipozidi km 120. Iliyo karibu zaidi ya mita 3 inapimwa kivyake. Misingi hiyo imwagwe wakati njia inajengwa, hata kama jengo litakuja baada ya miaka 8. Kuchimba msingi kati ya njia zinazotumika ni kazi ya saa 3 kila usiku, na bei yake inajulikana na kila mkandarasi.

Mtetemo nao. Zulia la mpira chini ya kokoto au chini ya zege la njia liwekwe siku ya kwanza. Ukijenga nyumba juu halafu uligundue tatizo kitandani kwa mkazi, hakuna pa kuligusa.

#15 Binti_Ratiba

Kuna mdau kaniuliza pembeni kuhusu njia moja kwenye kipande cha mwisho ili kuokoa pesa. Hesabu: kipande cha dakika 4, ongeza dakika 1 kila upande ya treni kuitoka njia kabisa na swichi kupangwa. Kwenda 5, kurudi 5, jumla 10. Treni kila dakika 15 inaingia, akiba dakika 5, mradi mwisho una majukwaa mawili. Ukiwa na jukwaa moja: 4 kwenda, 7 kugeuza, 4 kurudi, ni 15 kamili hata kabla ya zile dakika za swichi, akiba hakuna. Na treni kila dakika 10 haitawezekana milele, hata na majukwaa mawili, maana akiba inakwisha. Tuta na madaraja vijengwe kwa upana wa njia mbili hata kama reli inalazwa moja. Kupanua tuta lililokwisha tulia ni kazi chafu, la zamani na jipya yanazama kwa viwango tofauti.

Mwisho wa njia, baada ya jukwaa, acheni mita 200 za mkia, yaani reli ya ziada. Bila mkia treni inaingia ikitambaa kwa sababu mbele ni ukuta. Ukiwa nao inaingia kwa mwendo, seti mbovu inapata pa kufichwa, na kurefusha tena baadaye hakufungi stesheni.

#16 Ishara_Nyekundu

Nyongeza ya majaribio, kisha nawaacha. Denver walifungua treni ya uwanja wa ndege Aprili 2016 yenye makutano ya barabara na reli yanayolindwa na mageti. Mageti yakawa yanakaa chini muda mrefu kuliko uliokubaliwa, ikabidi watu wasimame na bendera kwenye makutano hayo kwa muda mrefu baada ya ufunguzi. Treni zinaongeza na kupunguza mwendo tofauti kila safari, kwa hiyo muda wa geti upimwe kwa treni halisi, zikiwa na uzito wa abiria, kutoka kila stesheni iliyo karibu, si kwa kompyuta peke yake.

Berlin wao stesheni ilikamilika miaka kabla ya uwanja wa BER kufunguliwa Oktoba 2020, ikabidi treni tupu zipitishwe handakini ili hewa itembee na unyevu usiozeshe mitambo. Kwa hiyo kwenye mkataba andikeni nani analipa umeme, dereva na ulinzi wa stesheni ikiwa upande mmoja uko tayari na mwingine haujafika. Kifungu hicho ni nusu ukurasa.